Siku tisa bwenini Berlin

Nililala bweni miaka sita, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na cha sita. Najua kulala juu ya dabo deka bila kuanguka, najua kufunga tranka na kuficha ufunguo, najua kuoga watu wawili kwa ndoo moja. Kwa hiyo nilipoamua kufikia hosteli ya wasafiri mjini Berlin, Ujerumani, badala ya hoteli, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijiambia bweni ni bweni. Nayaandika haya kwa ajili ya dada, mwalimu au mwanafunzi atakayeitwa kwenye kozi au mkutano huko Ulaya, na ambaye kama mimi atataka kuibana posho yake. Kuibana kunawezekana. Lakini mimi nililipia kitanda mara mbili, na fedha ile inaniuma mpaka leo.

Novemba 2024 nilialikwa kwenye mafunzo ya walimu wa historia. Waandaaji walilipa tiketi ya ndege na ada ya viza, wakatoa posho ya euro 90 kwa siku kwa siku kumi, na kila mtu ajitafutie malazi. Wenzangu wawili tuliotoka nao Tanzania walichukua hoteli. Mimi nilipiga hesabu nyingine. Nyumba ya mama yangu, nje kidogo ya mji wa Lindi, imeezekwa makuti yaliyochoka, na kila masika tunapanga sufuria sakafuni kukinga maji. Fundi alikwisha kunipa idadi: mabati 46, bati moja shilingi 28,000. Nikilala mahali pa bei nafuu na kujipikia mwenyewe, paa zima lingetoka kwenye safari hii moja.

Kosa kubwa nililifanya kabla hata sijafunga begi. Ukiomba viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, unatakiwa uonyeshe utakapolala, pamoja na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Nikaingia mtandaoni, nikapata hosteli maeneo ya Rosenthaler Platz, katikati ya jiji. Kitanda kilekile kilikuwa na bei mbili. Ya euro 21 kwa usiku unaweza kuighairi hadi siku mbili kabla ya kufika na fedha yako ikarudi. Ya euro 18 ukishalipa, umelipa. Nikachukua ya 18, usiku 12, kuanzia tarehe 10 Novemba, maana nilitaka kufika mapema nipumzike kabla ya mafunzo kuanza tarehe 14. Jumla euro 216. Kwa kubadilisha kwa shilingi 2,800 ni zaidi ya laki sita, na sikuwa nazo. Nilizikopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilitaka kuokoa euro 36, nikaziweka hatarini 216.

Viza ilitoka Jumatatu tarehe 11, siku moja baada ya tarehe niliyokuwa nimepanga kulala Berlin. Waandaaji wakanisogezea tiketi, nikaondoka Dar es Salaam Jumanne usiku kupitia Doha. Moyoni nilikuwa nimeshasamehe usiku tatu. Nilihesabu kwamba hizo zimeliwa, lakini tisa zilizobaki ni zangu, nimezilipia. Sikuiandikia hosteli hata mstari mmoja. Sikuona sababu.

Mgeni asipotokea usiku wa kwanza bila kutoa taarifa, malazi mengi ya namna hii humhesabu kuwa hatakuja kabisa. Hawafuti usiku ule mmoja, wanafuta zote, kitanda kinauzwa kwa mwingine, na kama ulichagua bei isiyorudishwa, fedha imekwenda. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa kwenye barua pepe ya uthibitisho, chini kabisa. Barua ile niliichapa, nikaiweka kwenye faili la viza, nikaipeleka ubalozini. Sikuisoma hadi mwisho.

Nilitua saa nane mchana, Jumatano. Uwanja wa ndege wa Berlin uko kwenye eneo C la nauli, kwa hiyo tiketi ya kuingia mjini lazima iwe ya ABC, yaani ya maeneo yote matatu ya nauli. Mwaka ule ilikuwa euro 4.40. Nilinunua kwenye mashine, nikasimama jukwaani nimeishika mkononi. Mama mmoja mtu mzima akanigusa bega, akaninyooshea kijisanduku kilichosimama karibu na nguzo. Tiketi ya karatasi usipoigonga muhuri kwenye kisanduku kile kabla ya kupanda, mbele ya mkaguzi ni kama huna tiketi, na faini ni euro 60. Sikujua. Mungu ambariki yule mama. Nikapanda treni ya S9 hadi Alexanderplatz, nikashuka chini kwenye treni ya chini ya ardhi, U8, vituo viwili, Rosenthaler Platz. Nilipotoka nje saa kumi na nusu hivi, giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Mwezi wa Novemba jua la kule linazama kwenye saa kumi na robo. Baridi ilinipiga kwenye meno.

Kijana wa mapokezi aliandika jina langu kwenye kompyuta, akaliandika tena, akaomba pasipoti. Akaniambia nafasi yangu ilifutwa tarehe 11 asubuhi. Nikamwonyesha karatasi yangu ya malipo. Akaisoma, akanionyesha mstari wa chini. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya vijana wenye mabegi mgongoni, wakicheka, wakisubiri nimalize. Nilihisi joto linapanda shingoni.

Akanena kwamba kipo kitanda kimoja usiku ule, euro 24. Kisha akaniuliza kitu upesi upesi. Nikashika neno "kumi", nikashika na neno "sawa?". Neno la katikati likanipita. Mimi ni mwalimu, Kiingereza nakifundishia, na niliona haya kumwomba arudie mbele ya foleni ile. Nikasema sawa. Nikalipa, nikajaza fomu ya taarifa za pasipoti, nikatoa na amana ya euro 10 ya kadi ya mlango. Juu ya bei ya kitanda wanaongeza kodi ya jiji; nilikatwa asilimia 5, na kuanzia Januari 2025 imepanda kuwa asilimia 7.5. Bei unayoiona kwenye simu mara nyingi haina kodi hiyo.

Neno lililonipita lilikuwa "mchanganyiko". Nilifungua mlango wa chumba cha ghorofa ya tatu nikakuta wanaume saba. Mmoja alikuwa kifua wazi, anakausha nywele. Nikarudi nje nikasoma namba ya mlango, nikasoma kadi yangu. Ilikuwa sahihi. Ulaya bweni la mchanganyiko ni jambo la kawaida kabisa, wanaume na wanawake chumba kimoja, na ndilo huwa la bei ya chini. Kwao si ukosefu wa adabu. Wale vijana walinisalimu vizuri, mmoja akanisaidia kupandisha begi, na taa wakazima saa nne. Hakuna aliyenikosea. Lakini mimi ni mwanamke wa Kiislamu wa pwani, sijawahi kulala chumba kimoja na mwanamume asiye wangu, na kitanda changu kilikuwa cha juu, karibu na mlango wa bafu ambalo wote kumi tulilitumia. Nililala na nguo zangu zote, mtandio kichwani, mkoba nimeukumbatia kifuani. Kwa kweli sikulala. Nilihesabu kila aliyeingia na kila aliyetoka.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu yangu ikaadhini. Nilikuwa nimeisahau, nayo ilikuwa kwenye sauti ya juu. Chumba kizima kiligeuka kitandani. Niliizima mikono ikitetemeka, nikaomba radhi gizani, nikashuka hadi ghorofa ya chini na kusali kwenye ujia wa mashine za kufulia. Tangu siku ile niliiweka simu kwenye mtetemo na kuilaza chini ya mto. Kama unatumia kengele ya aina yoyote, fanya hivyo kabla hujalala usiku wa kwanza.

Nikampigia mama. Lindi ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelalaje huko?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema salama. Badala yake nikalia. Nikamweleza yote, kitanda, fedha, wanaume. Mama akanisikiliza mpaka nikanyamaza, kisha akauliza, "Umewaambia wenyeji?"

"Bado, mama."

"Sasa watajuaje?"

Nilishuka mapokezi saa moja. Zamu ya asubuhi alikuwepo mama mmoja wa makamo. Nikamwambia polepole kwamba mimi ni Mwislamu, jana sikuelewa swali, na siwezi kulala chumba kimoja na wanaume. Akaniangalia, akauliza kwa nini sikurudi kusema usiku ule. Sikuwa na jibu. Haikufika dakika tano: kulikuwa na bweni la wanawake la vitanda sita, euro 26 kwa usiku, kitanda cha chini, kitakuwa tayari saa tisa alasiri. Begi langu akalifungia kwenye stoo yao bila malipo. Usiku mzima wa mateso uliondoka kwa sentensi tatu.

Nikamuuliza pia kuhusu zile euro 216. Akaniambia kanuni haimruhusu. Nikaandika barua kwa meneja, nikaambatanisha nakala ya viza yenye tarehe, na baada ya siku mbili nikajibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani. Kilichoniumiza zaidi ni maneno ya yule mama wa mapokezi: kama ningeandika barua pepe kabla ya tarehe 10, hata mstari mmoja kwamba viza imechelewa, wangenishikia kitanda au kunisogezea tarehe. Wageni wanaosubiri viza wanawafahamu. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwa bado huna viza mkononi chukua bei inayoweza kughairiwa, hata ikizidi kwa euro tatu au tano. Na siku ukijua utachelewa, iwe kwa siku tatu au kwa saa sita, andika. Piga hata simu.

Bweni la wanawake lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa na dirisha la kuangalia uani na taa ndogo kwenye kila kitanda. Hapo ndipo kanga zangu zilipopata kazi. Nilikuwa nimebeba nne. Moja niliichomeka chini ya godoro la kitanda cha juu ikashuka kama pazia, nikapata kachumba kangu. Ya pili ikawa taulo, na nawashauri sana: taulo la hosteli linakodishwa, mimi niliombwa euro 3, na taulo zito la kutoka nyumbani halikauki haraka kwenye baridi. Kanga inakauka kwenye kipasha joto cha ukutani kabla hujamaliza chai. Ya tatu ya kusalia. Ya nne nilimwachia mtu, nitafika.

Vitu vingine nilivyovikosa viliniongezea gharama ndogo ndogo. Kila kitanda kina loka yake, kabati dogo la kufungia vitu, ila kufuli unakuja nalo mwenyewe. Nilibeba kufuli la geti, kubwa, nikiona ndiyo usalama, na chuma chake hakikupita kwenye tundu la loka. Nikanunua dogo pale mapokezi kwa euro 5, ambalo kwetu ni la elfu tatu. Beba dogo lenye chuma chembamba. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi za Ujerumani, ambazo ni za matundu mawili ya mviringo, kwa hiyo nunua adapta Kariakoo kabla hujaondoka. Beba viziba masikio. Na pasipoti isikae kwenye loka wala chini ya mto. Mimi niliishonea mfuko wa kitambaa, nikaivaa chini ya gauni mchana na usiku. Katika siku tisa zile niliibiwa kitu kimoja tu, waya wa kuchajia simu niliouacha kwenye soketi ya sebuleni nikaenda kunawa. Nilirudi baada ya dakika kumi, haupo.

La chooni nalo nitalisema, kwa sababu hakuna aliyenitahadharisha na najua dada zangu wengi watajiuliza. Hakuna kopo, hakuna mpira wa maji, ni karatasi tu. Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita iliyokwisha, nikawa naingia nayo ndani ya mkoba. Mwenye kubeba kikopo kidogo cha plastiki kutoka nyumbani atakuwa amefanya vizuri zaidi.

Baridi ilinitesa usiku mwingine tatu kwa uzembe uleule wa kunyamaza. Wenzangu chumbani walipenda kufungua dirisha kabla ya kulala ili hewa ibadilike, na Wajerumani wanaliona jambo hilo ni afya. Nilijikunja chini ya shuka moja na kitambaa chake cha joto, nimevaa soksi pea mbili, nikisubiri wengine wapitiwe na usingizi nifunge. Usiku wa nne nikasema. Dada aliyekuwa kitanda cha juu, muuguzi kutoka Kolombia, akashangaa: kwa nini hukusema? Tukakubaliana dirisha lifunguliwe dakika kumi kisha lifungwe. Akanielekeza pia kwamba mapokezi wanatoa blanketi la pili bure ukiomba. Blanketi lilikuwa linanisubiri kule chini siku zote hizo.

Yule muuguzi alikuwa na mwezi wa tatu hosteli. Alishapata kazi, lakini chumba cha kupanga Berlin hakipatikani kirahisi, na watu wenye ajira kamili wanaishi mabwenini wakitafuta. Kitanda cha jirani alikuwepo bibi wa Kipolandi, aliyekuja kumwuguza binti yake hospitalini. Hakuwa na lugha ninayoijua. Tulizungumza kwa mikono na kwa chai. Mimi nilidhani nakwenda kukaa na watalii vijana, kumbe nusu ya bweni ni watu wenye shida zao, wanaamka alfajiri kama mimi, wanapika wali kama mimi.

Jikoni ndiko nilikookoa fedha kwa kweli. Doner ya barabarani, mkate wa Kituruki uliojazwa nyama, ilikuwa euro 7 hivi, na ukila mara mbili kwa siku umekula zaidi ya nusu ya bei ya kitanda. Nilinunua mchele, maharage ya kopo, vitunguu, mayai na mkate, na chakula changu cha jioni kikawa hakizidi euro 2. Siku ya soko la Maybachufer, Jumanne na Ijumaa, nilipata mboga na matunda kwa bei ya chini, hasa jioni wauzaji wanapofunga. Nyama ya halali ni rahisi kupatikana, maduka ya Waturuki na Waarabu yapo tele upande wa Kreuzberg na Neukölln. Maji ya bomba yanakunywika, usinunue. Kwenye friji kila mfuko uandikwe jina na tarehe ya kuondoka, usipoandika wanautupa siku ya usafi. Mayai yangu sita ya kwanza yalikwenda hivyo. Na kuna rafu ya vyakula vilivyoachwa na waliotangulia, chumvi, mafuta, tambi, majani ya chai. Chukua bila haya, ndiyo kazi yake. Chupa tupu za plastiki na makopo ya soda usitupe: kwa nyingi ya hizo dukani unarudishiwa senti 25 kila moja.

Ila mwiko mmoja: Jumapili usikae bila chakula. Maduka karibu yote yanafungwa. Jumapili yangu ya pekee kule nilizunguka saa nzima na njaa, kila mlango umefungwa, mpaka muuguzi akanitumia ujumbe kwamba maduka yaliyo ndani ya stesheni kuu ya treni huwa wazi.

Jumamosi tarehe 16 niliamka mapema, nikafunga mkate na mayai, nikaenda kwa miguu hadi makumbusho ya viumbe na historia ya dunia, Museum für Naturkunde, Invalidenstraße. Hilo nalo lilinifanya nitake kufika mapema tangu mwanzo. Nimezaliwa Lindi, na tangu shule ya msingi nasikia habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, mnyama mkubwa wa kale aliyekwisha kutoweka. Kumwona ni jambo jingine. Unaingia ukumbi wa kwanza tu, amesimama katikati, urefu mita 13.27 kwenda juu, mifupa iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 kule kwetu bara ya Lindi. Wataalamu wa Kijerumani ndio majina yao yanayosomwa zaidi, lakini aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji ni Boheti bin Amrani, na waliochimba na kubeba walikuwa mamia ya watu wetu. Waliibeba mifupa kwa kichwa na kwa mabega mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kwisha, nchi ikiwa bado haijapona njaa ya vita hivyo. Nilisimama chini ya shingo ile hadi mlinzi akaanza kuniangalia. Niliwaza kwamba huenda babu wa babu yangu aliubeba mmoja wa mifupa hii, na hakujua inakwenda wapi.

Jioni bwenini nilimsimulia muuguzi, naye akamtafsiria bibi wa Kipolandi kwa simu. Bibi akaniuliza kwa mkono: ni kubwa kiasi gani? Nikamwonyesha dirishani, jengo la mbele, ghorofa ya nne. Akashika kichwa. Kesho yake, kabla ya saa za kuona wagonjwa, alikwenda. Aliniletea kadi yenye picha ya mjusi yule. Ninayo ukutani darasani.

Mafunzo yenyewe yalikwenda vizuri, sitayarefusha hapa. Nitasema tu kwamba siku ya kwanza, baada ya usiku ule bila usingizi, sikuelewa hata nusu ya kilichofundishwa, na hiyo nayo ni gharama. Ukiweza, usiku wa kwanza baada ya ndege ndefu lipa kidogo zaidi, chukua chumba kidogo au bweni la wanawake la watu wanne, kisha ndiyo uhamie pa bei ya chini ukishajua mazingira.

Niliondoka Ijumaa tarehe 22. Kutoka ni kabla ya saa nne asubuhi, na ukichelewa unatozwa, ila begi wanakutunzia hadi saa ya ndege. Nilivua shuka nikaliweka kwenye kapu lao, nikaacha mchele uliobaki na chumvi kwenye ile rafu, nikarudisha kadi nikapewa euro 10 zangu kwa kuonyesha risiti. Kanga ya nne nilimfunika nayo bibi mabegani. Alikuwa amepata habari kwamba binti yake anatoka hospitali wiki ile. Alinishika mashavu yote mawili, akasema maneno marefu ya Kipolandi, na muuguzi hakuwepo kuyatafsiri.

Hesabu ni hii. Posho euro 900. Malazi yaliyotumika kweli, usiku moja wa 24 na nane za 26, pamoja na kodi ya jiji, euro 243.60. Chakula, usafiri, kufuli na mengineyo, kama euro 190. Zilibaki euro 466, ambazo zingetosha mabati yote 46. Lakini 216 zilirudi kikundini kulipa deni la kitanda ambacho sikukilalia. Nilinunua mabati 25.

Fundi aliezeka upande wa vyumba vya kulala, akamaliza kabla ya masika. Upande wa sebule na jikoni bado ni makuti. Mvua ikianza, mama anahamishia jiko chumbani, na sufuria mbili zinabaki kule kwenye kona.